Gandhi: safari ya bahari iliyoishia Durban

Mnamo mwaka 1893 kijana mmoja wa Kihindi mwenye umri wa miaka 23 nusura aachwe na meli mjini Lamu. Alikuwa wakili aliyekosa kazi kwao, naye alikuwa safarini kuelekea Durban, katika koloni la Natal, kwa ajira ya mwaka mmoja tu.

Jina lake lilikuwa Mohandas Karamchand Gandhi. Mwaka ule mmoja uligeuka kuwa takriban miaka 21, na mtu aliyeondoka Afrika Kusini mwaka 1914 hakuwa tena yule aliyepandishwa melini kwa kamba huko Lamu.

Habari za Gandhi husimuliwa mara nyingi kuanzia kwenye treni, usiku ule alipotolewa kwa nguvu katika behewa la daraja la kwanza. Lakini bandari nayo ina sehemu kubwa katika maisha yake. Ni Durban alikozuiwa kushuka melini, akapigwa mawe, na akaona kwa macho yake kwamba anayeamua nani akanyage gati huamua pia nani ahesabiwe kuwa mtu kamili. Na ni katika bandari hiyo hiyo walikuwapo watu wengine, Waafrika, ambao yeye mwenyewe alichelewa kuwaona.

Mtoto wa pwani

Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 huko Porbandar, mji wa bandari katika rasi ya Kathiawar, magharibi mwa India. Kutoka pwani hiyo majahazi yalikuwa yamezoea kwa karne nyingi kufuata upepo wa kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, na kurejea makwao kwa upepo wa kusi. Baba yake alikuwa diwani, yaani waziri mkuu wa mtawala wa Porbandar.

Mwaka 1888 alipelekwa London kusomea sheria. Katika safari hiyo alipita Mfereji wa Suez, na njiani akashuka kutazama Brindisi, bandari kongwe ya Italia katika Bahari ya Mediterania, kisha Malta. Alikuwa mwanafunzi mwenye haya, Kiingereza chake kikiwa bado kizito, lakini aliruhusiwa kupanda na kushuka kama abiria mwingine yeyote. Jambo hilo halikumshangaza wakati ule. Lingekuja kumshangaza baadaye.

Alirejea India mwaka 1891 akiwa wakili kamili, lakini mahakamani Bombay alishindwa hata kumhoji shahidi katika kesi yake ya kwanza. Alisimama, ulimi ukawa mzito, akaketi na kurudisha malipo ya mteja. Kwa hiyo ilipokuja barua kutoka kampuni ya Dada Abdulla, wafanyabiashara Waislamu wenye asili ya Porbandar waliokuwa na maduka na meli huko Natal, hakusita. Aliahidiwa nauli ya daraja la kwanza ya kwenda na kurudi pamoja na pauni 105. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia mawakili wa kampuni hiyo katika kesi ya madai ya pauni 40,000 dhidi ya ndugu yao mmoja mfanyabiashara huko Transvaal.

Saa chache Lamu

Aliondoka Bombay mwezi Aprili 1893. Meli ilikuwa imejaa, kwa kuwa Gavana Mkuu wa Msumbiji alikuwa miongoni mwa abiria, na Gandhi akapata kitanda katika chumba cha ofisa mmoja wa meli. Nahodha alikuwa mpenzi wa sataranji ambaye hakuujua mchezo sawasawa. Alihitaji mtu anayejua kidogo zaidi kuliko yeye, basi akamfundisha Gandhi, na wawili hao wakawa wanacheza kila siku.

Baada ya siku zipatazo 13 meli ikatia nanga Lamu. Ilikuwa ikae hapo saa tatu au nne tu. Nahodha alimwonya rafiki yake kwamba maji ya mlangoni mwa bandari hiyo si ya kuchezea, lakini Gandhi alishuka kwenda kuutazama mji.

Lamu ya mwaka huo ilikuwa imekwisha kuonja mambo mengi. Ilikuwa mji wa mawe wenye milango ya nakshi na misikiti ya kale, na bandari iliyowahi kutajirika kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Pwani yake ilihesabiwa bado kuwa ya Sultani wa Zanzibar, ingawa Waingereza walikuwa wamekwisha kuweka mkono wao. Katika posta ya mji huo Gandhi alikuta makarani wa Kihindi, akazungumza nao kwa furaha ya mtu aliyekutana na jamaa ugenini. Aliwaona pia wenyeji, na akajaribu kujua desturi na maisha yao. Kwa saa zile chache hilo lilikuwa jambo gumu, lakini alijaribu.

Abiria wa sitahani, watu wa nauli ndogo, walikuwa wameshuka pia ili wapike na kula kwa utulivu. Walipoanza kurudi, Gandhi aliingia pamoja nao katika mashua moja iliyojaa kupita kiasi. Maji yalikuwa yakijaa na mkondo ulikuwa mkali. Kila mashua ilipoifikia ngazi ya meli, mkondo uliivuta. Honi ya kuondoka ikalia. Nahodha, aliyekuwa akitazama kutoka juu, akaamuru meli isubiri dakika tano. Rafiki mmoja alikodi mashua nyingine kwa rupia 10, ikamtoa Gandhi katika ile iliyozidiwa. Ngazi ilikuwa imekwisha kuinuliwa, akavutwa juu kwa kamba, na meli ikaondoka papo hapo. Abiria wale wengine waliachwa nyuma.

Katika kisa hicho kidogo limo jambo ambalo mtu huweza kulipita bila kulitazama. Aliyecheza sataranji na nahodha alisubiriwa, na waliopika chakula chao ufukweni hawakusubiriwa. Gandhi alikuwa bado upande wa wanaosubiriwa.

Unguja, kisha kusini

Kutoka Lamu meli ilikwenda Mombasa, kisha Unguja. Hapo alikaa zaidi ya wiki moja akingoja meli nyingine, naye akapanga chumba mjini. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu mwaka 1890, na wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wameshika sehemu kubwa ya ukopeshaji na biashara ya karafuu. Katika kitabu cha maisha yake Gandhi hakuficha kwamba nahodha yule yule alimpeleka huko kwenye nyumba ya ukahaba, na kwamba alitoka kama alivyoingia, amejawa na aibu. Baada ya Unguja ikafuata Msumbiji, na mwishoni mwa Mei 1893 akaiona Natal.

Mlango wa Natal

Durban ya wakati huo ilikuwa na bandari nzuri yenye mlango mbaya. Fungu la mchanga lilikaa kinywani mwa ghuba, na meli kubwa zililazimika kutia nanga nje, baharini. Abiria wake waliteremshwa ndani ya kapu kubwa hadi kwenye tishali, kisha wakapelekwa ufukweni. Hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1904, baada ya miaka mingi ya kuchimba na kujenga kuta za mawe, ndipo meli kubwa za barua zilipoanza kuingia ndani.

Kupitia mlango huo waliingia watu wa kila aina. Tarehe 16 Novemba 1860 meli iliyoitwa Truro iliwasili kutoka Madras ikiwa na Wahindi 342, wa kwanza kuletwa kwa mkataba kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Hadi mpango huo ulipokomeshwa mwaka 1911, zaidi ya watu 150,000 walikuwa wameletwa Natal kwa njia hiyo. Nyuma yao walifuata wafanyabiashara kutoka Gujarat waliojilipia nauli, na miongoni mwao ndimo walimokuwa kina Dada Abdulla.

Wapo wengine ambao historia huwataja kwa nadra. Mwezi Agosti 1873 manowari ya Kiingereza ilileta Durban kundi la kwanza la watu waliookolewa katika majahazi ya biashara ya utumwa. Wengi wao walikuwa Wamakua kutoka kaskazini mwa Msumbiji. Lakini kwa kuwa walisafirishwa kutokea Unguja, waliitwa Wazanzibari, na jina hilo wajukuu wao wanalo hadi leo. Walipewa kazi za mikataba, na jamii yao ikakita mizizi ya Uislamu katika eneo la Kings Rest, huko Bluff, ng'ambo ya bandari. Miaka 20 kabla ya Gandhi kukanyaga Durban, watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa wamekwisha kufika.

Kilemba na treni

Dada Abdulla alikuja mwenyewe gatini kumpokea mgeni wake. Gandhi aliona mara moja jinsi Wazungu walivyozungumza na tajiri huyo kwa dharau, naye tajiri akionekana kuwa amekwisha kuzoea. Siku mbili tatu baadaye alipelekwa kutazama mahakama ya Durban. Hakimu alimkodolea macho, kisha akamtaka avue kilemba. Gandhi alikataa, akatoka nje, na akaandika kwenye magazeti kujitetea. Hivyo, kabla ya wiki kwisha, jina lake lilikuwa limejulikana mjini.

Kwa desturi ya huko kila Mhindi aliitwa kuli, awe mkata miwa au mwenye meli. Wakili aliyesomea London akawa wakili wa makuli.

Mwanzoni mwa Juni alipanda treni kwenda Pretoria akiwa na tiketi ya daraja la kwanza. Katika stesheni ya Pietermaritzburg alitakiwa ahamie behewa la mizigo, akakataa, na akatolewa nje na askari. Alikaa usiku kucha katika chumba cha kungojea, katika baridi kali ya Juni, akijiuliza kama arudi India au abaki. Aliamua kuendelea. Mbele, katika gari la farasi kuelekea Johannesburg, alipigwa tena kwa kukataa kuketi miguuni mwa mtumishi wa gari.

Kesi iliyompeleka aliimaliza kwa usuluhishi. Aliwashawishi ndugu wale wawili wapatane, na mshindwa akaruhusiwa kulipa kidogo kidogo ili asifilisike. Kwa wakili kijana huo ulikuwa ushindi wa namna yake, na akarudi Durban kufunga mizigo.

Mwezi mmoja zaidi

Mwaka 1894, katika karamu ya kumuaga, Gandhi aliona gazetini habari fupi kuhusu mswada wa kuwanyima Wahindi wa Natal haki ya kupiga kura. Wenyeji wake hawakuwa na habari nao. Wakamwomba akae mwezi mmoja zaidi awasaidie.

Mwezi huo ulikuwa na kazi nyingi. Ombi lenye saini zipatazo 10,000 lilipelekwa kwa Waziri wa Makoloni mjini London. Tarehe 22 Agosti 1894 kikaundwa chama cha Natal Indian Congress, Gandhi akiwa katibu. Serikali ya London iliukataa mswada ule wa kwanza, lakini mwaka 1896 Natal ilipitisha sheria nyingine yenye matokeo yale yale, safari hii bila kuwataja Wahindi kwa jina.

Mzigo mzito zaidi uliwaangukia maskini. Sheria ya mwaka 1895 ilileta kodi ya pauni tatu kwa mwaka kwa kila aliyemaliza mkataba akakataa kuuhuisha au kurudi India. Mshahara wa kibarua haukuzidi shilingi 14 kwa mwezi. Familia ya watu wanne ilitakiwa itoe pauni 12, fedha ambazo baba wa familia hiyo asingezipata kwa mwaka mzima.

Karantini nje ya bandari

Katikati ya mwaka 1896 Gandhi alikwenda India kuwaleta mkewe Kasturba na watoto. Akiwa huko alichapisha kijitabu kuhusu mateso ya Wahindi wa Natal. Muhtasari wake, uliotumwa kwa simu ya maandishi, ulifika Durban umetiwa chumvi, na Wazungu wengi wakaamini kwamba amewatukana mbele ya dunia.

Mwishoni mwa mwaka huo alirudi katika meli ya Courland, mali ya kampuni ya Dada Abdulla. Meli nyingine, Naderi, ilifuatana nayo. Zote mbili zilibeba abiria wapatao 800, takriban nusu yao wakiwa hata si wa Natal bali wanapita kwenda Transvaal. Zilitia nanga nje ya Durban tarehe 18 Desemba 1896.

Hakuna aliyeruhusiwa kushuka. Sababu iliyotolewa ilikuwa ugonjwa wa tauni uliozuka Bombay. Siku za karantini zikaongezwa, kisha zikaongezwa tena. Huku nchi kavu mikutano ya hadhara ilifanyika, na mmoja wa waliounga mkono wazi kurudishwa kwa meli alikuwa mwanasheria mkuu wa serikali, Harry Escombe. Abiria walitishwa kwamba wakikataa kurudi India watasukumwa baharini. Waliposema kwamba watarejea walikotoka, wangerudishiwa nauli. Hawakukubali.

Krismasi ikapita baharini, na mwaka mpya nao. Melini walikuwamo Kasturba, ambaye alikuwa mjamzito, wana wawili wadogo na mpwa wa Gandhi. Safari hii Gandhi hakuwa tena upande wa wanaosubiriwa. Alikuwa mmoja wa wale walioachwa majini, na sababu ya wote kuachwa ilikuwa yeye.

Tarehe 13 Januari 1897, baada ya zaidi ya wiki tatu, meli ziliruhusiwa kuingia. Umati ulikuwa ukingoja bandarini. Escombe mwenyewe alikuja kuwaambia watawanyike, na wengi wakatawanyika.

Mwavuli wa Bibi Alexander

Kasturba na watoto walitangulia kwa gari hadi nyumbani kwa mfanyabiashara Parsi Rustomji. Gandhi alishauriwa ashuke usiku, kwa kificho. Wakili Mwingereza wa kampuni, F. A. Laughton, alipinga. Aliona si vyema mtu aingie mjini kama mwizi, na akajitolea kutembea naye mchana.

Vijana wachache walimtambua, wakalitaja jina lake kwa sauti, na watu wakaanza kukusanyika. Laughton aliita gari la kukokotwa na mtu. Mkokotaji, kijana wa Kizulu, alitishwa akakimbia. Umati ukamtenga Laughton na mwenzake. Gandhi akatupiwa mawe, matofali na mayai mabovu. Kilemba chake kikanyakuliwa, akapigwa mateke na ngumi hadi akashika uzio wa nyumba moja asianguke.

Aliyemwokoa alikuwa mwanamke. Mke wa mkuu wa polisi wa mji, Bibi Alexander, alikuwa akipita njia hiyo. Alifungua mwavuli wake wa jua, ingawa saa hiyo jua halikuwa kali, akasimama kati ya Gandhi na umati. Hakuna aliyethubutu kumpiga mke wa ofisa huyo. Polisi wakafika, na Gandhi akasindikizwa hadi kwa Rustomji.

Usiku umati uliizingira nyumba, ukitaka atolewe la sivyo ichomwe moto. Mkuu wa polisi, Bw Alexander, alisimama mlangoni akiwaimbisha watu wimbo wa kumnyonga Gandhi ili kuwapotezea wakati. Huku nyuma Gandhi, akiwa amevaa sare ya askari wa Kihindi, alipitishwa mlango mwingine hadi kituo cha polisi. Watu waliporuhusiwa kupekua nyumba hawakumkuta.

London iliitaka Natal iwashitaki waliohusika. Gandhi alikataa kuwataja. Alisema kosa halikuwa la vijana wa mtaani bali la viongozi na serikali waliowapa habari za uongo. Uamuzi huo wa kutodai kisasi ulikuja kuwa msingi wa mengi aliyoyafanya baadaye.

Sheria baada ya mawe

Umati ulitawanyika, lakini ulichotaka ulikipata kwa kalamu. Mwaka huo huo wa 1897 Bunge la Natal lilipitisha sheria ya kuzuia wahamiaji. Haikutaja rangi wala taifa. Ilimtaka tu anayeshuka melini aweze kuandika ombi kwa lugha ya Ulaya. Ofisa wa bandari ndiye aliyeamua nani atahiniwe. Australia iliiga mbinu hiyo ya mtihani wa lugha mwaka 1901.

Msomaji wa leo hahitaji kutafuta mbali ili aielewe hali ile. Mwezi Agosti 2018 meli ya walinzi wa pwani wa Italia, Diciotti, ilifungwa gatini Catania, bandari ya kale ya Sicily, ikiwa na wahamiaji 177, wengi wao kutoka Eritrea na Somalia. Kwa siku kadhaa waliitazama nchi kavu iliyokuwa hatua chache tu kutoka walipo, bila ruhusa ya kuikanyaga.

Phoenix na jirani yake

Mwaka 1904, akiwa katika treni kutoka Johannesburg kwenda Durban, Gandhi alisoma kitabu cha Mwingereza John Ruskin kuhusu heshima ya kazi ya mikono. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amenunua shamba huko Phoenix, kaskazini mwa Durban, na kuhamishia huko mtambo wa gazeti lake la Indian Opinion, lililoanzishwa mwaka 1903. Kila mkazi, mhariri kwa mpiga chapa, alilima kipande chake.

Umbali mfupi kutoka hapo, huko Ohlange, mchungaji wa Kizulu John Dube alikuwa amejenga shule ya ufundi kwa vijana wa Kiafrika. Naye alianzisha gazeti mwaka ule ule wa 1903, Ilanga lase Natal. Mwaka 1912 Dube akawa rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa African National Congress. Wanaume hao wawili walijuana, na gazeti la Gandhi lilimsifu Dube mwaka 1905. Lakini hawakuunganisha mapambano yao. Kila mmoja alilima shamba lake.

Hapa ndipo habari ya Gandhi inapokuwa ngumu. Katika miaka yake ya mwanzo alidai haki za Wahindi akiwa raia wa himaya ya Uingereza, na mara kadhaa alifanya hivyo kwa kuwasukuma Waafrika chini. Aliwaita kwa neno la dharau lililotumiwa na walowezi. Aliona ni fedheha Wahindi kufungwa jela pamoja nao. Mwaka 1895 chama chake kilijivunia kwamba posta ya Durban, iliyokuwa na milango miwili, mmoja wa Wazungu na mwingine wa watu wengine wote, imeongezewa mlango wa tatu, ili Wahindi wasichanganyike na Waafrika. Mtu aliyekuwa ameonja uchungu wa kufungiwa mlango aliridhika na mlango wake wa pembeni.

Mwaka 1906 Wazulu chini ya Bambatha waliinuka dhidi ya kodi ya kichwa. Gandhi aliunda kikosi cha wabeba machela kuisaidia serikali. Kule alikuta si vita bali mauaji. Wazulu zaidi ya 3,000 waliuawa. Kikosi chake kilipewa kazi ya kuwaosha vidonda Wazulu waliochapwa viboko, kwa sababu wauguzi wa Kizungu hawakutaka kuwagusa. Alieleza baadaye kwamba siku zile zilimtikisa. Mwaka 1908, katika hotuba mjini Johannesburg, alizungumzia uwezekano wa jamii zote kuchanganyika na kujenga ustaarabu mmoja. Alikuwa ameanza kuona, ingawa kwa kuchelewa.

Wakata miwa waweka panga chini

Tarehe 11 Septemba 1906, mjini Johannesburg, Wahindi waliapa kutotii sheria ya kuwaandikisha kwa alama za vidole. Ndipo ilipozaliwa njia ya upinzani bila ya matumizi ya nguvu, ambayo Gandhi aliiita satyagraha.

Kilele chake kilifika mwaka 1913. Kasturba alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kutoka Phoenix waliovuka mpaka wa Transvaal bila kibali na kufungwa miezi mitatu kwa kazi ngumu. Wachimba makaa ya mawe wa Newcastle wakagoma. Tarehe 6 Novemba Gandhi aliongoza msafara wa wanaume 2,037, wanawake 127 na watoto 57 kuvuka mpaka. Mgomo ukashuka hadi pwani, kwenye mashamba ya miwa na Durban yenyewe. Maelfu walioletwa kwa mkataba, watu wa sitahani, sasa ndio waliokuwa mbele.

Mwaka 1914 kodi ya pauni tatu ilifutwa na ndoa za Wahindi zikatambuliwa. Tarehe 18 Julai Gandhi alipanda meli Cape Town. Hakurudi tena Afrika Kusini. Yaliyofuata India yanafahamika: uhuru wa mwaka 1947, na risasi za tarehe 30 Januari 1948. Miezi michache baada ya kuuawa kwake, chama cha ubaguzi wa rangi kilishika madaraka Afrika Kusini.

Urithi wenye mabishano

Mwezi Januari 1949 ghasia kati ya Waafrika na Wahindi ziliua watu 142 mjini Durban. Milango mitatu ilikuwa imezaa matunda yake. Lakini mwaka 1952 Waafrika na Wahindi walivunja sheria za ubaguzi bega kwa bega katika kampeni ya ukaidi. Chifu Albert Luthuli, mtu wa Groutville kaskazini mwa Durban na mshindi wa Nobeli ya Amani ya mwaka 1960, aliibeba njia ya amani mbali zaidi kuliko alivyoiacha Gandhi.

Phoenix yenyewe ilichomwa katika machafuko ya mwaka 1985, ikajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2000. Mwezi Julai 2021, katika kitongoji chenye jina hilo hilo, watu zaidi ya 30, wengi wao Waafrika, waliuawa wakati wa ghasia zilizoikumba KwaZulu-Natal.

Katika Afrika Mashariki sehemu ya majivu yake ilimiminwa katika chanzo cha Mto Nile huko Jinja, na sanamu yake imewekwa hapo. Nchini Ghana mambo yalikwenda kinyume. Sanamu yake iliyozinduliwa katika Chuo Kikuu cha Ghana mwaka 2016 iliondolewa mwaka 2018 kwa shinikizo la wahadhiri na wanafunzi, kwa sababu ya yale aliyoyaandika kuhusu Waafrika.

Wazanzibari wa Durban nao walihamishwa kwa nguvu katika miaka ya 1960, kutoka Kings Rest hadi Chatsworth, mtaa uliotengwa kwa ajili ya Wahindi, kwa kuwa serikali ya ubaguzi haikujua iwaweke katika fungu gani. Sanamu hawana.

Mwaka 2008 mji wa Durban ulibadilisha majina ya barabara zake. Barabara ya Point, inayoelekea bandarini, ikaitwa Mahatma Gandhi. Barabara ya West ikapewa jina la Pixley ka Seme, mwanasheria wa Kiafrika aliyekuwa mmoja wa waasisi wa ANC, na ya Grey jina la Yusuf Dadoo, kiongozi wa Kihindi aliyetia saini mapatano ya ushirikiano na Waafrika mwaka 1947. Anayetoka bandarini leo huanza na jina la Gandhi, na haendi mbali kabla hajafika kwa Seme na Dadoo. Wenye majina hayo matatu hawakuwahi kutembea pamoja njia hiyo.